Utafiti wa Taifa Juu ya Mgeni

Nchi ninayotaka kuieleza siwezi kuitaja jina. Si kwamba ninaogopa, la hasha. Maadili ya utafiti yanataka usiri wa washiriki ulindwe, na katika nchi hiyo kila raia ni mshiriki. Atakayeitambua basi na aifiche moyoni mwake, kama nilivyofundishwa kufanya mimi.

Kabla ya Wizara ya Ushahidi kuundwa, nchi hiyo ilitawaliwa kwa kubahatisha. Waziri aliamka, akanywa chai, akajisikia kujenga zahanati, akajenga. Kesho yake akajisikia vingine, akaivunja. Aibu hiyo ilikomeshwa. Tangazo la Serikali lilisema kwamba tangu siku hiyo hakuna jambo litakalofanywa bila utafiti, nasi tukashangilia. Mimi nilishangilia kuliko wengi, kwa kuwa nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya sosholojia na niliamini, kama ninavyoamini hata sasa, kwamba ukweli uliopimwa vizuri ni rafiki wa mnyonge.

Matunda yalionekana mapema. Wizara ilitaka kujua kama mto mkubwa wa kaskazini unahitaji daraja. Wadadisi wakapelekwa ng'ambo ya mto, wakawahoji watu mia tatu waliokwisha kuvuka, na asilimia mia moja walisema walivuka salama. Walioshindwa kuvuka hawakupatikana kuhojiwa, jambo ambalo ripoti ililitaja kwa masikitiko katika tanbihi. Daraja halikujengwa. Utafiti wa njaa nao ulifanywa mara tu baada ya wahojiwa kupewa chakula cha mchana, ili wawe na nguvu za kujibu, ukathibitisha kwamba njaa imepungua kwa kasi isiyo na mfano.

Kisha ikaja zamu ya methali.

Waziri wa Ushahidi, Mheshimiwa Daktari Fulgensi Tarimbo, alilihutubia taifa akiwa amesimama mbele ya grafu yenye urefu wa ukuta.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa karne nyingi taifa hili limeongozwa na methali ambazo hakuna hata moja iliyofanyiwa majaribio. Tunaambiwa haba na haba hujaza kibaba. Haba ngapi? Kibaba cha ujazo gani? Nani alikuwepo akahesabu? Tunaambiwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Apone nini? Kwa muda gani baada ya mgeni kuondoka? Serikali yangu haiwezi kuendelea kupokea ushauri kutoka kwa watu wasiojulikana, waliokufa bila kuacha takwimu!"

Methali zote zikasimamishwa kwa muda. Kwa miezi kadhaa watu misibani walikaa kimya, kwa kuwa hawakujua waseme nini badala yake. Ile ya mgeni ndiyo iliyochaguliwa kuchunguzwa kwanza.

Jaribio lenyewe lilikuwa zuri, na nalisema hili bila dhihaka. Nyumba elfu moja za wazee wanaoishi peke yao zilichaguliwa kwa kura. Mia tano ziliitwa Kundi la Wageni, nazo zingeletewa wageni na Serikali. Mia tano ziliitwa Kundi la Ulinganisho. Kwa wasiolisoma somo hili, kundi la ulinganisho ni wale wasiopewa kitu, ili ijulikane kile walichopewa wenzao kimewasaidia kiasi gani. Ni nafasi ya heshima kubwa katika sayansi. Kwa heshima hiyo kila nyumba yao ilipigiliwa mlangoni kibao cha bati: NYUMBA YA ULINGANISHO. USIBISHE HODI. KWA AMRI. Watoto wao waishio mbali waliandikiwa barua za kuwashukuru mapema kwa kutofika nyumbani kwa miezi sita. Padre mmoja aliomba kibali cha kumpelekea mgonjwa sakramenti, akajibiwa kwamba ombi lake linaheshimiwa ila lingeipindisha sampuli.

*

Nilipata kazi ya udadisi katika jaribio hilo. Mafunzo yalitolewa na Bwana Zuberi Ligola, msimamizi wa kanda, mtu mwenye huruma nyingi ambaye alikuwa ameihifadhi yote kwenye majalada.

"Wewe, binti," aliniuliza mbele ya wenzangu, "ukifika pale mlangoni wewe ni nani?"

"Mimi ni mdadisi, bwana."

"Hapana. Wewe ni kalamu. Kalamu ikifika kwa mtu, huwa inaamkia?"

"Hapana, bwana."

"Inakaa kitini?"

"Haikai."

"Inakula?"

"Inakunywa wino," alisema msichana mmoja wa kiti cha nyuma, na ukumbi mzima ukacheka. Bwana Ligola hakucheka. Aliliandika jina la yule msichana, na kesho yake kiti chake kilikuwa kitupu.

Tulipewa mwongozo wa kurasa sitini. Kifungu cha tisa kilisema wazi: "Mdadisi hatahesabiwa kuwa mtu aliyefika." Nilikipigia mstari kwa kalamu ya rangi. Nilikiona kuwa cha unyenyekevu.

*

Nyumba niliyopangiwa kuhoji ilikuwa namba mia mbili na kumi na mbili, ya ulinganisho. Ndani yake aliishi Bi Skolastika Ndimbo, mjane mrefu, mwenye makovu ya mvuke kutoka viganjani hadi viwikoni. Alhamisi ya kwanza nilimkuta amekwisha kusimama mlangoni, chini ya kile kibao.

"Karibu, mwanangu, karibu. Pita ndani."

Nilibaki nje, nikakishika kishikwambi changu kwa mikono miwili na kusoma: "Nyumba namba mia mbili na kumi na mbili. Je, tangu Alhamisi iliyopita umetembelewa na mtu yeyote?"

Alinitazama toka juu hadi chini. "Kumbe na shikamoo nayo imefutwa?"

Dodoso halikuwa na jibu la swali hilo. "Jibu ni ndiyo au hapana," nikasema, na uso ukaniwaka moto, kwa kuwa tangu nizaliwe sikuwahi kusimama mbele ya mtu wa umri ule bila kumwamkia.

"Hapana ipi unayoitaka? Ya shikamoo au ya mgeni?"

"Ya mgeni, bibi." Neno bibi lilinitoka. Lilikuwa kosa langu la kwanza kitaaluma.

"Basi hapana. Tangu watupigilie hilo bati, hata mbwa wa Yusto hapo jirani hupita mbali. Nadhani anajua kusoma."

Nikaendelea. "Kwa kipimo cha moja hadi kumi, ambapo moja ni kutokuwa mpweke kabisa na kumi ni kuwa mpweke kupita kiasi, wewe unajiweka wapi?"

"Kumi ya nini?"

"Samahani?"

"Mwanangu, mimi nimepika katika shule ya bweni miaka thelathini na moja. Ukinitajia kumi, nataka nijue ni kumi ya nini. Debe? Kilo? Sahani?"

"Ni kumi tu, bibi."

"Haya, andika tisa. Hiyo moja nimeitoa kwa sababu umekuja."

Nikaandika tisa. Sababu haikuwa na nafasi kwenye kishikwambi.

Nyuma yake, jikoni, niliona sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea. Ilijaa makande. Aliona ninapotazama, akaeleza bila kuulizwa kwamba mkono wake uliwapikia wanafunzi mia nne kila siku na haujui kumpikia mtu mmoja; kila akijitahidi kupunguza, sufuria hujaa. Zamani aliwagawia majirani. Sasa sahani ikitoka mlangoni kwake ilihesabiwa kuwa mawasiliano.

"Umekula?" akaniuliza.

"Asante kwa ushirikiano wako," nikasema, kama mwongozo ulivyoagiza.

"Nakuuliza umekula, unanishukuru! Chuo chenu kinafundisha nini?" Kisha sauti yake ikabadilika. "Hebu niambie kweli. Hii kazi yenu inamsaidia nani?"

Hapo nilisahau kwamba mimi ni kalamu. Nilimweleza kwa moyo wangu wote kwamba ikithibitika kwa takwimu kuwa mgeni humponya mwenyeji, Serikali haitaruhusu tena mzee yeyote katika nchi nzima aachwe peke yake. Alinisikiliza kama watu wanavyomsikiliza daktari.

"Kwa hiyo mimi nikae peke yangu, ili wengine wasikae?"

"Ndiyo, bibi."

"Miezi sita?"

"Miezi sita."

"Nimechambua mchanga kwenye maharage ya watoto wa watu miaka thelathini na moja," alisema. "Miezi sita si kitu."

*

Jirani yake, yule Mzee Yusto mwenye mbwa, kura ilimwangukia upande wa pili. Yeye alikuwa Kundi la Wageni. Kila siku aliletewa wageni sita, watumishi wa Idara ya Ugeni waliovaa beji, ambao waliingia kwa zamu, wakaketi dakika arobaini, wakasoma kwenye kadi maneno "Za hapa? Watoto hawajambo?", wakanywa chai yote, wakasaini daftari la mahudhurio na kumpisha anayefuata. Mzee Yusto hakuwa na watoto. Aliulizwa hali zao mara sita kwa siku.

Alhamisi ya nne nilimsikia akinena kwa sauti kubwa bandani, nyuma ya uzio wa michongoma.

"Nasema na kuku wangu!" alipiga kelele, ili asionekane anavunja amri. "Enyi kuku, mwambieni Skolastika nimejificha humu tangu asubuhi! Mwambieni nampa wageni wangu wanne wakammalizie makande yake, na mimi nibaki na wawili!"

"Na nyinyi kuku," Bi Skolastika akajibu akiutazama mnazi uliokuwa uani, "mwambieni huyo mzee hao wageni wa kusoma kadi awaoe mwenyewe!"

Mzee Yusto alicheka mpaka akakohoa. Kisha mtumishi wa zamu ya nne akamwita kutoka sebuleni kwake, na kicheko kikakatika.

Mdadisi wake aliniambia baadaye kwamba kipimo chake kilianza na tano, kikapanda hadi nane.

*

Cha Bi Skolastika kilishuka. Wiki ya pili aliniambia nane, ya nne akaniambia saba, ya saba akaniambia tano. Niliandika kwa uaminifu na sikuelewa, au nilielewa na sikutaka kujua kwamba ninaelewa.

Dodoso lilikuwa na maswali mia moja na arobaini. Wenzangu walilimaliza kwa dakika ishirini. Mimi, bila kuvunja kifungu chochote, nilijifunza kusoma taratibu. Nilipumzika kwenye kila mkato. Nilipofika kwenye nukta nilingoja kama mtu anayengoja mvua ipite. Naye alijibu kila swali kwa kisa. Nikimuuliza kama ana choo cha maji, nilisimuliwa habari za mwalimu mkuu aliyejifungia chooni siku ya ukaguzi; mwishoni nilibonyeza "hapana". Alinitolea kiti kila Alhamisi, nami kila Alhamisi nilisimama kando yake, nacho kikawa katikati yetu kama mtu wa tatu asiye na la kusema.

"Jumatano nafagia," alinieleza siku moja. "Alhamisi unakuja. Ijumaa nakumbuka ulivyokuja. Zinabaki siku nne tu za kuvumilia, na siku nne hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaziweza."

Nami chuoni nilikuwa na chumba cha peke yangu, jambo ambalo wenzangu waliliita bahati. Nilifagia Jumatano.

Wiki ya kumi akasema, "Andika tatu."

*

Siku tisa baadaye Waziri alizungumza tena, na grafu nyuma yake ilikuwa imerefushwa.

"Ndugu wananchi! Nyumba namba mia mbili na kumi na mbili, ambayo haijapata mgeni hata mmoja, imepona kwa asilimia sitini na sita nukta saba! Nyumba ya jirani yake, iliyopata wageni mia nne na ishirini, imedhoofika. Ushahidi umesema. Kuanzia leo methali ile itasomeka: Mgeni asije, mwenyeji apone."

Marekebisho hayo yalipitishwa na Baraza kwa kauli moja. Bi Skolastika akatangazwa kuwa Hazina ya Taifa. Wataalamu walitaka kujua ni nini kinachomponya mtu huyu bila mtu: wapo waliosema ni maji ya kisima chake, wapo waliosema ni makande. Ili siri hiyo ipatikane na itumiwe kwa manufaa ya wazee wote, utafiti wa nyumba namba mia mbili na kumi na mbili uliongezwa muda. Miezi sita ikawa miaka mitano. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita.

Niliandika barua asubuhi ileile na kuipeleka kwa Bwana Ligola kwa mkono wangu. Aliisoma mara mbili.

"Unasema mgeni alikuwa wewe."

"Ndiyo, bwana."

"Kifungu cha tisa kinasemaje?"

"Mdadisi hatahesabiwa kuwa mtu aliyefika."

"Sasa kama hukufika, ulimponyaje?"

"Lakini nilifika, bwana. Nilifika mara kumi na moja."

"Una ushahidi?"

"Yeye mwenyewe alisema. Alisema moja ameitoa kwa sababu nimekuja."

"Alisema kwenye swali la ngapi?"

Bwana Ligola aliikunja ile karatasi vizuri, akaipiga pasi kwa kiganja. Kisha akatazama dirishani, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Namba mia tatu na tisa," alisema, "ni mama yangu mzazi. Naye ni wa ulinganisho. Sijaenda tangu kibao kiwekwe. Unadhani sijui njia ya kwenda kwa mama yangu, binti?" Akanirudishia barua. "Mimi nimeamini kwamba kuna kitu kitapatikana. Usije ukaniambia kwamba hakipo."

*

Hata hivyo niliituma barua kwa posta, ikafika juu, na Wizara, ambayo haipuuzi hoja, ilichukua hatua. Ili kuondoa shaka yoyote, wadadisi wote waliondolewa milangoni. Badala yao kishikwambi kilifungwa kwa mnyororo kwenye mlango wa kila nyumba, kikiwa na kipaza sauti cha kumuuliza mwenye nyumba maswali kila Alhamisi. Sauti iliyorekodiwa ilikuwa yangu. Nilichaguliwa kwa sababu katika kanda nzima hakuna aliyesoma taratibu kama mimi.

Nami nikahamishiwa chumba cha kusafisha takwimu, chumba chenye meza moja. Kila Ijumaa namba za Bi Skolastika zilinifikia kwenye kioo cha kompyuta. Wiki ya kwanza ilikuja nne. Ya pili ikaja saba. Ya tatu ikaja kumi, ya nne kumi, ya tano kumi.

Mwongozo wa usafishaji ulisema kwamba kumi tatu mfululizo ni hitilafu ya kifaa, na kwamba badala yake iwekwe namba ya mwisho iliyopokelewa na mdadisi. Namba hiyo ilikuwa tatu. Kulikuwa na kitufe cha kuthibitisha. Nilikibonyeza. Ningependa kusema kwamba mkono wangu ulitetemeka, lakini haukutetemeka, kwa kuwa kitufe chenyewe kilikuwa chepesi.

Wiki ya sita haikuja namba yoyote. Kioo kikaandika "hakujibu", na chini yake, bila kuniuliza, kikaweka tatu.

Nilikaa nikiitazama ile tatu. Nilielewa kwamba nyumba ile, hata kama ndani yake hakuna tena mtu anayepumua, ingeendelea kupona kwa miaka mitano.

Nikauchukua mwongozo wangu wa kwanza, ule wa kurasa sitini, na kuusoma wote upya, safari hii nikitafuta mlango wa kutokea. Niliupata katika kifungu cha kumi na nne: "Nyumba ya ulinganisho itakayoingiwa na mgeni itakuwa imeharibika, nayo itafutwa kwenye utafiti pamoja na kibao chake. Aliyeiharibu atafukuzwa chuo au kazi." Niliwahi kukisoma kifungu hicho nikakiona kikali lakini cha haki. Tangu nianze masomo sikuwahi kughushi hata tarehe ya barua. Sasa nilitakiwa niuharibu utafiti wa taifa kwa makusudi, na nilipolitafuta jambo lolote ndani yangu la kunizuia, nilikuta tu kwamba nilipaswa kuwa nimekwisha kwenda zamani.

*

Nilikwenda Jumapili, saa nane mchana, bila beji. Kibao kilikuwa palepale, na chini yake kishikwambi kikining'inia kwa mnyororo, kikingoja Alhamisi.

"Hodi!" nikaita.

Kimya. Nyuma ya michongoma kulisikika mtu akimwambia mtu kwamba watoto hawajambo.

"Hodi hapa!"

Kimya. Kwa desturi hodi hupigwa mara tatu, na isipoitikiwa, mtu huondoka na heshima yake. Nilikusanya pumzi.

"Hodi, wenyewe!"

Kitu kikaburuzika ndani. Kisha sauti, ndogo kuliko nilivyoizoea, ikasema karibu kabisa na mlango: "Leo si Alhamisi. Nyamaza."

Nilichelewa kuelewa. Alidhani ninayesema ni kile kifaa.

"Bibi," nikasema, "shikamoo."

Katika majuma yote yale, kifaa kile hakikuwahi kumwamkia.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Ni wewe?"

"Ni mimi, bibi. Nifungulie."

"Wamekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Basi rudi, mwanangu. Watakufukuza chuo."

"Watanifukuza."

"Na unalisema hivyohivyo tu!" Nilimsikia akihema. "Halafu hao wazee wengine je? Si uliniambia mwenyewe, nikivumilia wao watapona? Nimebakiza miaka minne na kitu. Nisije nikaharibu kazi ya watu kwa kutamani kuona uso."

Hilo ndilo lililonishinda. Nilikuwa nimejiandaa kwa amri, kwa mnyororo, hata kwa askari. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu aliyeniamini.

"Bibi," nikasema, "nilikwambia nilichokiamini. Haikuwa kweli. Hakuna mzee atakayepona kwa sababu umekaa peke yako. Wamesema umepona kwa kuwa hukutembelewa, nao wataitumia namba yako kuwafungia wengine milango."

"Lakini mimi nilisema kumi."

"Najua. Kumi yako ilifutwa." Nikalazimisha lililobaki. "Niliyeifuta ni mimi."

Nilisimama pale kwa muda ambao sina namba yake. Ingekuwa haki yake kuniacha nje, nami nilikwisha kuikubali haki hiyo, nilipomsikia akiuliza, si kwa hasira, bali kama anayeulizia bei ya kitu kilichokwisha kuvunjika: "Basi nimekaa bure?"

"Bure, bibi."

Komeo likavutwa.

Alikuwa amekonda. Kanga aliyojifunga ilimzunguka mara mbili. Aliutazama uso wangu, kisha miguu yangu, iliyokuwa bado nje ya kizingiti kwa mazoea, na akasubiri. Nikauvusha mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Kwa mujibu wa kifungu cha kumi na nne, utafiti uliharibika hapo, kati ya mguu mmoja na mwingine, na hapakusikika kitu.

Jikoni, ile sufuria kubwa ilikuwa imegeuzwa chini juu. Juu ya meko palikuwa na kisufuria kidogo, cha kuchemshia yai, chenye uji.

"Nimejifunza kupikia mtu mmoja," alisema. Alilisema kama mtu anayeungama ugonjwa.

Aliumimina ule uji katika vikombe viwili. Haukufika nusu ya kila kimoja. Akanivutia kiti. Niliketi, na kwa kuwa sikuwahi kukikalia, nilishangaa kwamba mguu wake mmoja ni mfupi na kwamba kinacheza. Tulikunywa. Niliona anakitazama kiganja changu.

"Kile kidude chako cha kuandikia kiko wapi?"

"Nimekiacha ofisini."

"Vizuri. Leo nauliza mimi." Alikiweka kikombe chini, akanyoosha mgongo, na akaiga sauti yangu na mikato yake yote: "Kwa kipimo, cha moja, hadi kumi. Wewe, mwanangu, unajiweka wapi?"

Swali hilo nililisoma mara kumi na moja mbele yake, na mashine ililisoma kwa sauti yangu katika milango ya kanda nzima. Sikuwa nimewahi kulisikia likinijia mimi.

Nikamtajia namba.

Hakuuliza ni kumi ya nini. Hakuiandika popote. Alisogea mpaka magoti yetu yakagusana, akasema, "Hebu anza mwanzo. Kwenu ni wapi, na mama yako anaitwa nani?"

Swali lake halikuwa la ndiyo wala hapana, na lilituchukua mchana wote.